Mama Mwenye Mtungi wa Asali

Kibondo,
4 Februari 1974

Shemeji Mwamvua,

Mwakeye, kama tunavyosalimiana huku kwetu. Pole tena kwa msiba wa ndugu yangu Khatibu. Sikufika kwenye arobaini yake na jambo hilo linanikera mpaka leo. Sababu ni dada yangu, na barua hii ni ya dada yangu.

Wewe unajua kazi tuliyokuwa tukifanya mimi na marehemu mumeo, kazi ambayo watu walitucheka. Mimi nazunguka kwa makatekista wazee nikitafuta kadi za picha za zamani, zile walizopiga Wajerumani na Wabelgiji wakapelekeana kwao. Yeye anazifunga, anampelekea Bwana Hartwig wa Ujerumani ambaye ndiye mnunuzi. Saidi dereva wa lori kaniambia umeamua kuendelea. Nimefurahi, ingawa furaha yangu siku hizi haijai kiganja.

Mwaka juzi Khatibu alinionyesha kijitabu cha Bwana Hartwig cha kadi alizo nazo. Ndani yake niliona picha ndogo kama stempu: mwanamke mwenye mtungi kichwani mbele ya ua wa Mwami, mtawala wetu wa zamani, pale Heru. Khatibu alinisomea maneno ya chini yake: "Mwanamke wa Kiha akileta asali." Nilipomsimulia dada yangu Epifania, aliacha kupeta maharage. Akasema huyo ni mama. Anaikumbuka siku hiyo. Yeye alikuwa mtoto, ameshika nguo ya mama, Mzungu akamfukuza asionekane kwenye picha, akalia njia nzima mpaka nyumbani.

Mama alikufa wakati wa vita vya Wajerumani, mimi sijaanza hata kutambaa. Epifania ndiye aliyenibeba mgongoni na kunitafunia chakula. Sasa tumbo limemvimba, na hospitali wamesema nimrudishe nyumbani. Unajua maana yake. Hataki nyama, hataki asali, hataki padri aje kila siku. Anataka kuuona uso wa mama yake kabla hajafumba macho.

Ninazo kadi nane nzuri sana. Sitaki hela. Bwana Hartwig azichukue zote, anipe hiyo moja. Niambie nizifunge vipi zifike salama.

Shemeji yako,
Tharsisi


Kasulu,
15 Februari 1974

Shemeji Tharsisi,

Assalaam aleikum. Barua yako nimeisoma mara mbili, ya pili nikiwa nimekaa chini. Mwambie dada Epifania namwombea kila sala. Arobaini usiitaje tena, nimeshakusamehe.

Mwanangu Abdulrahmani, anayesoma chuo cha ualimu, ameshamwandikia Bwana Hartwig kwa Kiingereza. Nina hakika atakubali, maana kadi za Kibondo huwa anazililia.

Sasa tuje kwenye kufunga. Nikuseme kidogo. Kadi zako za mwaka jana zilikuja zimeviringishwa kwenye jani la mgomba na kamba ya katani. Khatibu akauliza, huyu mtu ametuletea kadi au samli? Safari hii usifanye hivyo. Tafuta ubao mwembamba au boksi gumu la sabuni, kata vipande viwili vipana kuliko kadi, uziweke katikati. Usizibane kwa kamba, kamba inakata pembe. Usitie gundi.

Na zaidi ya yote, shemeji, maji! Furushi la mwisho la marehemu lilipakiwa juu ya lori, mvua ikalinyeshea. Bwana Hartwig alilirudisha lote. Akiona alama ya unyevu hata ndogo, ndiyo imetoka hiyo. Kutoka kwako mpaka kwangu ni matope, kutoka kwangu mpaka Kigoma ni matope, halafu kuna meli. Nakuomba sana, uzikinge na maji kwa kila namna unayoijua.

Ukishafunga, mpe Saidi mkononi. Mimi sitafungua, nisije nikaharibu. Nitatia kwenye kasha na kupeleka posta kwa rejesta.

Shemeji yako,
Mwamvua


Kibondo,
10 Machi 1974

Shemeji Mwamvua,

Saidi anakuletea furushi pamoja na barua hii. Nimefanya yote uliyosema. Boksi ni la sabuni, kamba sikubana.

Kuhusu maji, kaa na amani. Nimetumia nta, tena nta ya mizinga yangu mwenyewe, ya miombo, niliyoichuja mara tatu mpaka ikawa ya manjano safi. Huku ndivyo tunavyotunza karatasi. Cheti changu cha ubatizo na stakabadhi za kodi za marehemu baba vimelala chini ya paa linalovuja miaka yote hiyo na bado vinasomeka, kwa sababu ya nta. Hata hili furushi likitumbukia mto Malagarasi, litatoka kavu.

Epifania alikuwa amekaa jikoni akinielekeza moto uwe mdogo, nta isiungue. Ilikuwa siku njema, alikula uji akamaliza. Alisema mama alikuwa na mikono mizuri ya kushika nta. Nilimuuliza mama alifananaje, akasema, "Ngoja kadi ije, utamwona mwenyewe." Anapenda kunifanyia hivyo, kama vile bado ananibeba.

Wako,
Tharsisi


Kibondo,
21 Juni 1974

Shemeji Mwamvua,

Sijapata jibu lako na sikulaumu, najua barabara ilikatika. Lakini naomba neno, hata la mstari mmoja. Je, Bwana Hartwig amepokea?

Dada hatoki kitandani tena. Miguu nayo imevimba. Kila lori likinguruma kule barabarani ananiuliza kama ni Saidi. Wakati mwingine halijanguruma lori lolote, na bado anauliza. Mimi ni mtu mzima, nimezika wengi, lakini swali hilo linanimaliza.

Tharsisi


Kasulu,
2 Julai 1974

Mdogo wangu Tunu,

Salamu kwako na kwa wote hapo Ujiji. Nina jambo limenikaa kooni na hapa Kasulu sina wa kumweleza.

Yule mzee wa Kibondo, Tharsisi, rafiki wa marehemu shemeji yako, alileta kadi zake nane abadilishane na picha ya mama yake iliyo kwa Mzungu. Nilisikia furushi linanukia asali, nikadhani kapaka nta kitambaa cha juu. Kumbe kapaka kadi zenyewe, Tunu! Moja moja, mbele na nyuma, kwa upole wake wote. Kwenye joto la meli zimeyeyuka zikashikana. Bwana Hartwig kazibandua kwa kisu na sura zote zimetoka. Karudisha vipande, na barua kali. Hatoi kadi yake kwa takataka, ndivyo alivyoandika. Abdulrahmani alinisomea huku anainamisha kichwa.

Ni mimi niliyemtisha yule mzee na maji. Nilimwambia azikinge kwa kila namna anayoijua, naye akafanya hivyo hasa. Nimwambieje sasa? Nta yenyewe anajivunia, na dada mtu yuko ukingoni.

Nimefanya mawili. La kwanza, unazikumbuka kadi za Khatibu za Ujiji na za reli ya zamani? Zile alizokuwa hataki hata nizifute vumbi? Nimezifunga mwenyewe, nimezitia kwenye kopo la biskuti, nimempelekea Mzungu kwa ajili ya ile moja. Nililia nikifunga, sikufichi. Lakini meli ni miezi, na mgonjwa hana miezi.

La pili utanigombeza. Kwenye mtoto wa meza ya marehemu nimeona kadi ya mwanamke mwenye mtungi kichwani, ya zamani vilevile, ya ng'ambo ya mpaka, Urundi. Mzee aliiona ile ya kwenye kijitabu mara moja tu, na ilikuwa ndogo kama stempu. Mgonjwa alikuwa mtoto. Nani atajua? Namtumia hii kesho kwa Saidi. Afe ameridhika, dhambi nitaibeba mimi.

Niombee.

Dada yako,
Mwamvua


Kasulu,
3 Julai 1974

Shemeji Tharsisi,

Samahani kwa kukaa kimya. Kadi zako zilifika salama na Bwana Hartwig amekubali. Picha ya mama ndiyo hiyo, imo katikati ya mbao mbili. Fungua taratibu, ukikata kamba kisu kisiingie ndani.

Msalimie sana dada. Mwambie nimefurahi mno kwa ajili yake.

Mwamvua


Kibondo,
16 Julai 1974

Shemeji Mwamvua,

Imefika! Saidi alikuja mpaka mlangoni, hakutaka hata chai, alitaka kuona tu.

Nilimwinua Epifania nikamwegemeza ukutani, nikafungua dirisha mwanga uingie. Aliishika kwa mikono miwili. Akaitazama kwa muda mrefu, akaiinamisha upande huu na upande ule, akaileta karibu na macho. Mwishowe nikamuuliza, "Ndiye?" Akasema, "Tharsisi, huyu mama wa Kasulu ana watoto?" Nikamwambia unaye mmoja, mwalimu mtarajiwa, na kwamba mumeo amekufa juzijuzi. Akasema, "Mwandikie ahsante sana. Mwambie Mungu amtunzie huyo mtoto."

Kisha akaiweka chini ya mto, akalala mchana kutwa.

Mimi nami nimemtazama mama. Ni ajabu, ukiwa na mvi, kumwona mtu aliyekuzaa. Nilitegemea moyo utanirukaruka, lakini umekaa kimya tu, labda kwa uchovu. Ana uso wa upole. Nimejaribu kutafuta pua yangu usoni mwake.

Sijui nikulipe nini. Nitakuwekea debe la asali msimu ujao.

Wako daima,
Tharsisi


Kibondo,
8 Oktoba 1974

Shemeji Mwamvua,

Dada yangu Epifania amefariki. Tulimzika Jumamosi, kando ya shamba, chini kidogo ya mizinga. Mvua za kwanza zilikuwa zimeanza na kaburi lilijaa maji tukawa tunayachota kwa sufuria. Tena tumeambiwa kabla mwaka haujaisha wote tuwe tumehamia kijiji kipya kule barabarani, kwa hiyo atabaki huku juu peke yake. Sitaki kuliandika zaidi jambo hilo.

Nina jambo jingine la kukuandikia, na nimeianza barua hii mara nyingi nikaichana.

Siku chache kabla hajafa aliniomba kadi. Nikampa. Akasema, "Huyu siye mama." Nilidhani ni homa. Akasema hapana, akili yake ni nzima. Akaniambia kwamba mama aliungua shavu la kushoto. Walikuwa wanarina asali, kienge cha nyasi zinazowaka kikamwangukia, na kovu lilishuka mpaka shingoni. Epifania utotoni alikuwa halali mpaka alishike kovu hilo. Mimi hakuna aliyewahi kuniambia. "Huyu mashavu yake yote mawili ni laini," akasema. "Nilimwona tangu siku ile ya kwanza."

Nikamuuliza kwa nini hakusema. Akanijibu, "Ningesema nini? Mtu ananitafutia mama mpaka kwa Wazungu, mimi nimwambie rudisha?"

Nilikasirika, shemeji. Sikufichi, nilikasirika sana, nilitoka nikakaa kwenye mizinga mpaka jioni. Sijui kama alikosea Mzungu au umekosea wewe, na sikuulizi. Niliporudi aliniambia nisikuandikie kwa ukali. Na aliniagiza nikurudishie kadi. Nilitaka nimzike nayo, akakataa. Alisema, "Huyu naye ana watoto wanaomtafuta."

Basi nakurudishia. Nimeifunga kwa mbao mbili, kamba sikubana. Nta sikutia, maana tangu aondoke sijawasha moto wa nta.

Tharsisi


Kasulu,
25 Novemba 1974

Shemeji Tharsisi,

Inna lillahi wa inna ilaihi rajiun. Nimeipokea barua yako, na kadi. Sina uso wa kukuandikia, lakini lazima niandike, kwa sababu hii iliyo ndani imekuja jana kutoka Ujerumani.

Mzungu hakukosea. Nilikosea mimi. Kadi zako nane ziliharibika njiani kwa ile nta, zilishikana, akazikataa. Wewe huna kosa, mimi ndiye niliyekutisha na maji. Nikaona nikikuambia nitakuvunja moyo, na dada yuko vile, nikakutumia mama wa watu. Nilidhani ninamsaidia. Kumbe yeye ndiye aliyekuwa akinisitiri mimi tangu siku ya kwanza, akiwa kitandani na tumbo lake.

Hii ndiyo yenyewe. Nilimpa Bwana Hartwig kadi za Khatibu akakubali. Sijaitazama. Abdulrahmani aliifungua kuhakikisha, nikamwambia aifunge tena. Sikuona kama nina haki ya kumwona kabla yako.

Kadi za namna hii huko kwao zina thamani kubwa. Bwana Hartwig anasema ukitaka kuiuza tena, yuko tayari wakati wowote, ilimradi iwe safi.

Nisamehe, kama unaweza. Kama huwezi pia nitaelewa.

Mwamvua


Kijiji kipya, Kibondo,
19 Desemba 1974

Shemeji Mwamvua,

Nimehamishwa. Nyumba yangu ni miti na udongo, nyasi za paa hazijatosha, na mvua ya huku barabarani inanyesha kama ya kule juu. Kitanda nakisogeza kufuata pakavu. Saidi alinikuta nje, akanipa furushi lako, akaondoka bila kuuliza kitu. Alishajua dada hayupo.

Kovu liko. Linaanzia chini ya jicho la kushoto linashuka mpaka shingoni, hata mtungi haukulifunika. Hana uso wa upole hata kidogo, shemeji. Anamtazama Mzungu kama anayemdai. Pua ni yangu. Ni kijana sana, angeweza kuwa binti yangu, na safari hii moyo haukukaa kimya. Nililia mbele za watu, wakadhani nalilia nyumba.

Kisha nikaona kitu ambacho hata Epifania asingekitegemea. Pembeni kabisa, pale picha inapoishia, kuna mkono wa mtoto. Mkono tu, umeng'ang'ania nguo ya mama ya gome la mti. Mzungu alimfukuza asionekane, lakini hakuuona mkono. Dada yangu amekaa Ujerumani miaka yote hii ameshika nguo ya mama yake, na amekufa bila kujua.

Hilo ndilo linaloniuma. Si uongo wako. Uongo wako yeye alikwisha kuusamehe, na mimi ni nani nimpinge, hakuwahi kunikubalia kubishana naye. Kinachoniuma ni kwamba alikuwa anauliza kila lori.

Kadi hii sitaizika wala sitaiuza. Nina paa linalovuja na sina mahali pengine pa kumweka mama. Jana niliwasha moto mdogo, kama alivyonifundisha dada, nikayeyusha nta ya mwisho niliyotoka nayo kule juu. Nimesikia ulivyoniambia kuhusu nta. Nimeipaka kadi mbele na nyuma, mpaka kwenye ule mkono.

Mwambie Bwana Hartwig si safi tena.

Shemeji yako,
Tharsisi